Oili ya Pikapu Mpya Jijini Nairobi: 15W-40, 10W-40 au 5W-30?

Mwenye pikapu mpya hapa Nairobi hupewa ushauri wa oili kabla hajaomba. Waliomuuzia gari watamwambia atie ile iliyoandikwa kwenye kitabu na arudi kwao kwa sevisi. Fundi wa Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunapaita Grogan, atamwambia 5W-30 ni maji na injini ya dizeli inataka oili nzito. Shemeji yake mwenye lori atasema ametia 15W-40 miaka yote na injini haijawahi kufunguliwa. Kila mmoja ana kweli yake, ila kila mmoja anazungumzia gari alilolizoea, ambalo huenda halifanani na lako.

Hapa nalinganisha aina tatu ambazo mwenye Hilux, D-Max, Ranger, L200 au pikapu nyingine ya aina hiyo hukutana nazo dukani: 15W-40 ya minerali, 10W-40 ya nusu sintetiki, na 5W-30 ya sintetiki kamili yenye majivu kidogo. Nazungumzia dizeli zaidi kwa kuwa ndizo nyingi. Wa petroli nimewatengea sehemu yao.

Vigezo, kabla ya kutazama kebe lolote

Kigezo cha kwanza ni injini yenyewe inataka nini, na hiki kikikataa, vingine vyote havina maana. Fungua kitabu cha gari kwenye ukurasa wa vilainishi. Mtengenezaji ametaja mambo mawili: uzito wa oili, kama vile 5W-30, na daraja la ubora, kama vile API CK-4, ACEA C2 au JASO DL-1 (API ni vipimo vya Marekani, ACEA vya Ulaya, JASO vya Japani). Watu wengi hukariri uzito na kusahau daraja, ilhali daraja ndilo linaloeleza oili ilitungwa kwa ajili ya injini ya namna gani.

Kisha jua kama gari lako lina DPF, ile filta ya masizi iliyo kwenye njia ya moshi. Filta hii hunasa masizi na kuyachoma kwa joto la nyuzi 600 hivi. Masizi huungua yakaisha. Majivu yanayotokana na viambato vya oili, kama kalisi na zinki, hayaungui. Hukaa humo yakijazana mpaka moshi ukose njia. Ndiyo maana gari lenye DPF hudai oili yenye majivu kidogo. ACEA C2 na C3 zinaruhusu majivu yasiyozidi asilimia 0.8, na API CK-4 inaruhusu hadi asilimia 1. Oili za zamani kama CI-4 hazina kikomo kama hicho. Usidhani kwa kutazama gari la jirani: pikapu ya jina lilelile huuzwa soko moja ikiwa na DPF na soko jingine ikiwa haina. Angalia kitabu, uliza kwa namba ya chasisi, au mwombe fundi atazame chini. Kopo nene kwenye njia ya moshi lenye vijibomba vyembamba vinavyopanda kwenye kihisi cha mgandamizo ni dalili kubwa.

Kigezo cha pili ni uzito, na hapa hofu ni nyingi kuliko inavyostahili. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi. Oili ya 15W hupimwa kama itairuhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, na 5W kwenye 30 chini ya sifuri. Nairobi asubuhi ya Julai hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Hakuna pikapu itakayokataa kuwaka hapa kwa sababu ya 15W. Hata hivyo, kwenye hizo nyuzi 10, 5W hufika kwenye turbo upesi zaidi, na sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndizo injini hulika zaidi.

Namba ya pili inapimwa injini ikiwa na joto, nyuzi 100. Kweli 40 ni nzito kuliko 30. Lakini kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi mbele ya kebe: uzito wa oili kwenye nyuzi 150 ikiwa inasagwa kwa kasi kati ya vyuma. Kwa 30, kiwango cha chini kabisa ni 2.9. Kwa 15W-40 ni 3.7. Sasa, 5W-30 iliyoandikwa ACEA C3 lazima ifikishe angalau 3.5, hali ile ya C2 inatosha ikiwa na 2.9. Basi makebe mawili yenye 5W-30 kwa maandishi makubwa huenda yasilingane hata kidogo nguvu ikiwa umebeba tani moja na unapanda mlima. Anayesema "30 ni maji" anaweka oili hizi zote kapu moja.

Kigezo cha tatu ni kazi ya gari, na kazi haipimwi kwa kilomita peke yake. Pikapu inayotoka Kitengela saa kumi na mbili asubuhi na kuingia Industrial Area saa mbili imetembea kilomita chache, ila injini imeunguruma saa mbili nzima. Wasimamizi wa magari mengi hukadiria kuwa saa moja ya kuunguruma bila kusonga ni sawa na kilomita 40 hivi za barabara. Dashibodi haihesabu hayo, lakini oili huyahisi.

Vigezo viwili vya mwisho ni gharama kwa kilomita na urahisi wa kupata oili halisi.

15W-40 ya minerali

*Injini inayoikubali.* Hii ndiyo oili ya lori na matatu, na pikapu nyingi za dizeli zisizo na DPF zinaikubali katika kitabu, hasa kwa nchi za joto. Ila 15W-40 ni uzito tu. Kuna zenye CF-4, daraja la mwaka 1990. Kuna CI-4 ya mwaka 2002. Na kuna CK-4 ya mwisho wa mwaka 2016. Injini ya kisasa yenye turbo na sindano za mgandamizo mkubwa haistahili CF-4, hata kebe likiwa na picha ya lori jipya. Ukichagua uzito huu, anza CI-4 kwenda juu.

*Joto, mzigo na foleni.* Kwenye mzigo ina ukuta mnene kati ya vyuma. Anayeshusha viazi kutoka Kinangop hadi Marikiti, au anayepanda Mai Mahiu akiwa na mbao hadi juu ya pembe za bodi, ana sababu ya kuiamini. Udhaifu wake ni kuchakaa kwa joto: kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, kasi ya oili kuoza huongezeka takriban maradufu, na minerali huathirika mapema kuliko sintetiki. Foleni ya Jogoo Road adhuhuri, turbo ikiwa moto na upepo hakuna, huiharakishia mwisho wake.

*Masafa na gharama.* Ni ya bei nafuu kuliko zote, na ni ya kumwagwa mapema. Kilomita 5,000 ni desturi nzuri hapa mjini, na wanaobeba mzigo kila siku wasiongeze.

*Kuipata ikiwa halisi.* Inapatikana kila kituo cha mafuta, toka Ruiru hadi Namanga. Ukipungukiwa njiani, hukosi ya kuongezea. Kwa kuwa inauzwa sana, pia inaghushiwa sana.

*Inamfaa nani.* Mwenye pikapu isiyo na DPF, kitabu kikiiruhusu, anayefanya kazi nzito na asiyekosa siku ya sevisi.

10W-40 ya nusu sintetiki

*Injini inayoikubali.* Pikapu za dizeli zisizo na DPF na nyingi za petroli, kitabu kikiitaja. Tatizo ni kwamba vitabu vingi vya pikapu mpya hutaja 5W-30 na 15W-40, na 10W-40 haimo. Usifikirie kwamba iliyo katikati inakubalika kwa sababu tu iko katikati. Tafuta kwa macho kama imeandikwa.

*Joto, mzigo na foleni.* Huvumilia joto kuliko minerali tupu na huacha uchafu kidogo zaidi ndani ya injini. Lakini kiasi cha sintetiki kilichomo hakina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Kampuni moja itachanganya kidogo sana, nyingine itachanganya kwa wingi, na makebe yote mawili yatauzwa kwa jina moja. Hapo daraja lililo nyuma ya kebe ndilo shahidi wako wa pekee.

*Masafa na gharama.* Bei iko kati. Watu huisukuma hadi kilomita 7,000 au 7,500. Sioni ubaya kwa gari la safari ndefu za barabara kuu, lakini kwa gari la foleni kila siku ningerudi 5,000, na nikirudi 5,000 faida yake ya bei juu ya 15W-40 nzuri inakuwa ndogo.

*Kuipata ikiwa halisi.* Mjini ipo kila mahali. Nje ya mji zaidi utaona zile za petroli. Soma herufi za daraja la API: C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Nyingi zina zote mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la matumizi mchanganyiko, kazini siku tano na shambani wikendi, ambaye kitabu chake kinairuhusu na anataka unafuu wa kuwasha asubuhi bila kulipia sintetiki kamili.

5W-30 ya sintetiki kamili, yenye majivu kidogo

*Injini inayoikubali.* Kwa pikapu nyingi mpya zenye DPF, hii ndiyo iliyotajwa kitabuni, ikiambatana na C2, C3 au JASO DL-1. Zingatia kwamba "sintetiki" na "majivu kidogo" ni mambo mawili tofauti. Kuna 5W-30 na 5W-40 za sintetiki safi kabisa zenye majivu mengi, za daraja kama ACEA A3/B4. Kwa gari lisilo na DPF ni oili bora. Kwa lenye DPF, ni sumu ya polepole. Tena neno sintetiki lenyewe ni pana: huko Marekani, mzozo wa matangazo kati ya Mobil na Castrol uliamuliwa mwaka 1999 kwa namna iliyofungua njia ya oili inayotokana na mafuta ghafi, ikishasafishwa kwa kina, kuuzwa kwa jina hilo. Oili hizo si mbaya. Nasema hivi ili usilipie neno la mbele ukasahau herufi za nyuma.

*Joto, mzigo na foleni.* Kwa kuvumilia joto haina mpinzani kati ya hizi tatu. Turbo huipenda. Kwa mzigo mzito, kama kitabu kinaruhusu C2 na C3 zote, chagua C3 kwa sababu ya ule ukuta mnene kwenye nyuzi 150. Kama kinataja C2 peke yake, fuata hicho. Pampu na nafasi kati ya vyuma vilipimwa kwa oili hiyo.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo wenye DPF hawaambiwi vya kutosha. Filta inapotaka kuchoma masizi, injini huongeza dizeli, na kazi hiyo inahitaji mwendo wa dakika kadhaa bila kukatizwa. Ukizima gari katikati mara kwa mara kwa sababu umefika, sehemu ya dizeli hiyo huteremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili. Utaona kijiti cha oili kinaonyesha imepanda badala ya kupungua. Oili iliyochanganyika na dizeli imepoteza uzito wake, iwe ya bei gani. Mwenye gari la namna hii anayezunguka Westlands, Ngara na Eastleigh tu, alichukue Thika Road au Southern Bypass kwa mwendo wa kutosha kila wiki, na apime kijiti. Kikipita alama ya juu, amwage bila kungoja kilomita.

*Masafa na gharama.* Ni ghali, mara nyingi maradufu ya minerali au zaidi, na injini hizi hunywa nyingi: nyingi za lita 2.4 hadi 3.0 huchukua lita 7 na ushei. Piga hesabu kwa kilomita. Tuseme sevisi ya 15W-40, oili na filta, inakugharimu shilingi 7,000 na unamwaga kila kilomita 5,000: hiyo ni shilingi 1.40 kwa kilomita. Tuseme ya sintetiki ni shilingi 14,000 na kitabu kinaruhusu 10,000: ni 1.40 ileile, tena umepunguza siku moja ya gari kukaa gereji. Lakini ukilazimika kuimwaga kwenye 5,000 kwa sababu ya foleni, inakuwa 2.80. Weka bei za duka lako mahali pa hizi nilizokisia, na jibu litakuwa lako.

*Kuipata ikiwa halisi.* Mjini, kwa wauzaji wa magari na mawakala wa kampuni za mafuta, ipo. Ukielekea Loitokitok au Marsabit, beba lita moja kwenye gari, kwa sababu dukani huko utapewa 15W-40 na kuambiwa ni sawa tu.

*Inamfaa nani.* Mwenye DPF, hapo hakuna mjadala. Pia anayefanya safari fupi nyingi, anayekwenda masafa marefu kwa mwendo mmoja, na aliye ndani ya waranti inayotaja oili hii.

Dizeli yetu na rangi ya oili

Wapo wanaosema oili ya majivu kidogo haifai Kenya kwa sababu dizeli yetu ina salfa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Salfa ikiungua huzaa asidi, na oili ya majivu kidogo huwa na akiba ndogo ya kuizima asidi hiyo. Lakini tangu Januari 2015 kiwango cha dizeli ya Kenya kilishushwa kutoka sehemu 500 za salfa kwa milioni hadi 50. Ukijaza kituo cha kuaminika, hofu hiyo imepungua sana. Ukijaza dizeli ya mitungi kando ya njia, hujui unachopewa, na hapo fupisha masafa ya sevisi uwe na oili ipi.

Na fundi akikuonyesha oili nyeusi baada ya wiki mbili, usiharakishe kumwaga. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa kuwa inashika masizi na kuyaweka yakielea, yasigande kwenye vyuma. Hiyo ndiyo kazi uliyoinunulia.

Oili bandia

Ningemshauri mtu atie 15W-40 halisi kwenye injini inayoikubali kuliko sintetiki ya kutiliwa shaka, na hapa sina nafasi ya kusitasita. Bei ikiwa chini mno kuliko ya wakala, kuna sababu. Kagua kizibo na pete yake, tarehe na namba ya toleo, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuithibitisha kwa ujumbe: andika SM# na namba yenyewe, tuma kwa 20023, ulinganishe jina la bidhaa linalorudi na ulilonalo mkononi. Nunua mwenyewe, peleka gereji, simama kebe likifunguliwa. Baada ya sevisi toboa makebe matupu, kwa kuwa kebe safi la kampuni kubwa lina wanunuzi wake, na wanachojaza humo kitamfikia mwenzako.

Filta ya oili nayo ibadilishwe kila sevisi, na iwe halisi. Dawa za kuongezea kwenye oili, zile za chupa ndogo zinazopigiwa debe kaunta, ziache. Oili ya daraja sahihi imeshatiwa viambato vyake kwa vipimo.

Wa petroli

Kwako mambo ni mepesi. Huna masizi ya kuwaza wala lita nyingi kama za dizeli. Tafuta API SP, iliyoanza mwaka 2020, au SN ya mwaka 2010, kwa uzito ulio kitabuni. Kebe lililoandikwa SF lilikusudiwa injini za hadi mwaka 1988, nalo bado linauzwa. Mwachie mwenye gari la wakati huo.

Uchague vipi, kwa hali yako

Ukiwa bado ndani ya waranti, daraja la kitabu lisibishaniwe na mtu, na kila risiti ya oili na filta iwekwe pamoja na kitabu cha sevisi. Ukidai fidia ya injini, utaulizwa ulitia nini, lini, na kwenye kilomita ngapi.

Gari lina DPF na linaishi mjini: 5W-30 ya majivu kidogo, daraja la kitabu, masafa mafupi kuliko yanayoruhusiwa, na kijiti kila Jumamosi. Lina DPF na linakwenda Mombasa au Kisumu kila wiki: oili ileile, na hapo unaweza kufuata masafa ya kitabu hadi mwisho.

Halina DPF, linabeba mawe, saruji au mboga kila siku, na kitabu kinaruhusu 15W-40: chukua yenye CI-4 au CK-4 na umwage kila kilomita 5,000. Huyu ndiye mtu ambaye sintetiki kamili haimpi faida ya kutosha kulipia tofauti ya bei, isipokuwa anapandisha mzigo kwa saa nyingi kila siku turbo ikiwa moto. Huyo nitamwelekeza kwenye 5W-40 ya sintetiki kama kitabu kinaitaja.

Halina DPF na kazi yake ni kumpeleka mwenyewe ofisini na shambani: 10W-40 ikiwa kitabuni, au 5W-30 kama anapendelea kukaa karibu na maagizo ya mtengenezaji. Zote mbili zitamtunzia injini.

Vumbi likiwa sehemu ya kazi, kama barabara za Kajiado au machimbo ya Ndarugo, anza na filta ya hewa kabla ya kubadilisha aina ya oili. Mchanga ukishaingia ndani, hakuna kati ya hizi tatu itakayouzuia kusaga vyuma.

Na ikiwa umepungukiwa njiani usiku na dukani kuna aina moja tu, ongeza hiyo kidogo hadi alama ya chini, hata kama gari lina DPF. Injini iliyokauka oili hufa usiku huohuo, ilhali filta hustahimili nusu lita ya oili isiyo yake mpaka ufike mjini uimwage yote.